Mambo ya Nyumba Yanapogeuka: Kuutegemea Uongozi wa Mwenyezi Mungu



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukusanyika hapa leo katika nyumba yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. pamoja na aali zake na masahaba zake wote.

Mada niliyopewa inahusu hali ambayo hakuna nyumba isiyoipitia. Kila mtu anapofunga ndoa huwa anajenga nyumba mbili. Ya kwanza ni ya matofali, au ya udongo na makuti, kwa kadiri ya uwezo wake. Ya pili huijenga moyoni. Humo huwaweka watoto aliowatarajia, idadi yao na jinsia yao, afya zao na elimu zao. Humo humweka mwenzi wake akizeeka pamoja naye. Kisha siku zinapita, na mambo yanakuja kwa sura nyingine. Mtoto hapatikani; au anapatikana, naye ni mgonjwa. Mume anafariki akiwa kijana. Ndoa iliyosherehekewa kwa dufu inaishia kwenye talaka. Ndipo swali linapozuka katika moyo wa muumini: je, Mwenyezi Mungu bado ananiongoza, au ameniacha?

Kurani Tukufu haikulinyamazia swali hili. Katika Suratun Nisaa, inapowaamrisha waume kukaa na wake zao kwa wema, inawakumbusha kwamba huenda mtu akachukia jambo ambalo ndani yake Mwenyezi Mungu ameweka heri nyingi. Tazameni mahali fundisho hilo lilipowekwa. Limewekwa ndani ya nyumba, baina ya mume na mke, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapoharakisha kuhukumu kwamba kheri imekwisha.

MKE WA IMRANI NA MTOTO ASIYEMTARAJIA

Mfano wa kwanza ni wa mwanamke ambaye Kurani Tukufu haikumtaja kwa jina lake, bali inamwita mke wa Imrani. Habari zake zimo katika sura inayoitwa kwa jina la jamaa ile, Suratu Aali Imrani. Alipokuwa na mimba aliweka nadhiri kwamba kilichomo tumboni mwake kitakuwa wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kihudumie nyumba ya ibada. Kazi ile ilijulikana kuwa ni ya wanaume. Basi siku ya kujifungua ilipofika, alizaa mtoto wa kike.

Hakuficha mshangao wake. Alimwambia Mola wake waziwazi kwamba amezaa mwanamke. Lakini baada ya kusema hivyo alifanya mambo matatu. Alimpa mtoto wake jina, Mariamu. Alimwombea yeye pamoja na kizazi chake wakingwe na Shetani. Wala hakuivunja nadhiri yake. Alimtoa mtoto yule yule kwa Mwenyezi Mungu kama alivyoahidi.

Matokeo yake yalikuwa nini? Mwenyezi Mungu alimpokea mtoto yule mapokezi mema, akamweka katika ulezi wa Nabii Zakaria a.s. Kila Zakaria alipoingia katika chumba chake cha ibada alimkuta ana riziki, na alipomwuliza imetoka wapi, alijibiwa kuwa imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Jibu la binti yule mdogo likamwamsha mzee. Papo hapo Zakaria, ambaye mkewe alikuwa tasa na yeye mwenyewe amekwisha zeeka, aliinua mikono akaomba apewe mtoto, naye akapewa Yahya a.s. Hivyo binti ambaye mama yake hakumtarajia akawa sababu ya mzee kuomba kile alichokwisha kukata tamaa nacho watu wa kawaida.

Mama yule aliomba mtumishi wa hekalu, Mwenyezi Mungu akampa mama wa nabii. Mariamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani Tukufu, na sura nzima inaitwa kwa jina hilo. Lau mke wa Imrani angepewa mtoto wa kiume kama alivyodhani, angepata kile alichokiomba, na asingepata zaidi.

Ndugu zangu, nalieleza jambo hili kirefu kwa sababu bado wapo miongoni mwetu wanaomlaumu mke kwa kuzaa mabinti watupu, na wapo wanaooa mke wa pili kwa sababu hiyo tu, na mawifi wanaomsema mke wa kaka yao barazani kwamba hajaleta mrithi. Lawama hiyo inapingana na dini na inapingana na elimu. Elimu ya uzazi inatufahamisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Yai la mama halina uamuzi huo. Na Kurani Tukufu katika Suratush Shuura inasema kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye mabinti, na humpa amtakaye wavulana, au huwachanganya, na amtakaye humfanya tasa. Waliotajwa kwanza ni mabinti.

Mtume wetu s.a.w. mwenyewe alizikwa na wanawe wote wa kiume wakiwa wamemtangulia tangu utotoni: Qasim, Abdullah na Ibrahim. Maadui zake wa Makka walimcheka kwamba amekatikiwa na kizazi. Leo hakuna anayewakumbuka watu wale kwa kizazi chao, bali jina la Muhammad s.a.w. linatajwa katika adhana mara tano kila siku kutoka katika misikiti ya dunia nzima.

UMMU SALAMA R.A. NA MWAKA WA MACHOZI

Mfano wa pili ni wa Hindu binti Abi Umayya, tunayemfahamu kwa jina la Ummu Salama r.a. Yeye na mumewe, Abu Salama, walikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo, na walihamia Uhabeshi kwa ajili ya imani yao. Baada ya kurejea Makka waliazimia kuhamia Madina. Abu Salama alimpandisha mkewe juu ya ngamia, naye akampakata mtoto wao Salama, wakatoka.

Ndugu za mke walipowaona waliwazuia. Walimwambia Abu Salama kwamba yeye ana hiari ya nafsi yake, lakini binti yao hawatamwacha atangetange naye katika nchi. Wakamnyang'anya hatamu za ngamia, wakamchukua mke. Ndugu za mume nao wakakasirika, wakasema kama ni hivyo basi mtoto ni wetu. Wakamvutana mtoto hata mkono wake ukateguka, wakaenda naye. Kwa asubuhi moja nyumba ile ikagawanyika sehemu tatu: mume akaenda Madina, mke akabaki kwa ukoo wake, na mtoto kwa ukoo mwingine.

Ummu Salama alisimulia kwamba kila asubuhi alikuwa akitoka na kukaa Abtah, akilia mpaka jioni, kwa muda wa mwaka mmoja au karibu na mwaka. Mwishowe mtu mmoja katika jamaa zake alimhurumia, akawaomba wenzake wamwache, na mtoto naye akarudishwa kwake. Akapanda ngamia peke yake na mwanawe. Alipofika Tanim alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati ule hakuwa bado Mwislamu. Mtu yule alipojua kwamba hana wa kumsindikiza, alishika hatamu za ngamia akamwongoza kwa heshima kubwa mpaka Quba, akamwonyesha alipo mumewe, kisha akarudi zake Makka. Msaada wa Mwenyezi Mungu ulimjia kwa mkono wa mtu ambaye yeye asingemhesabu kabisa.

Lakini hapo si mwisho. Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud, na jeraha lile lilimwua katika mwaka wa 4 wa Hijra. Ummu Salama akabaki mjane mwenye watoto wadogo katika mji wa ugeni. Alikuwa amefundishwa neno la Mtume s.a.w. kwamba mwenye kufikwa na msiba, akakiri kuwa sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na akaomba alipwe katika msiba wake na apewe badala iliyo bora, Mwenyezi Mungu humpa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alijiuliza moyoni: ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Hata hivyo aliomba kama alivyofundishwa.

Baada ya eda yake kwisha, Mtume Mtukufu s.a.w. alimposa. Naye akaeleza udhuru wake: umri wake umekwenda, ana wivu, na ana watoto. Mtume s.a.w. alimjibu kwamba umri na yeye pia unao, wivu atamwomba Mwenyezi Mungu auondoe, na watoto wake watakuwa katika ulezi wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mjane yule akawa Mama wa Waumini. Mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaibiya, masahaba walipozidiwa na huzuni wakasita kuchinja wanyama wao na kunyoa, yeye ndiye aliyemshauri Mtume s.a.w. atoke bila kusema na mtu, achinje na anyolewe. Alipofanya hivyo, watu wote waliinuka wakamfuata. Mwanamke aliyekuwa akilia Abtah, shauri lake liliuokoa umma siku nzito.

Ndugu zangu, jambo la kuzingatia ni kwamba Ummu Salama alipokuwa akilia hakuiona Hudaibiya. Hakuna malaika aliyemjia kumwonyesha mwisho wa safari. Alichokuwa nacho ni neno la kusema na Mola wa kumwambia. Tena asiwepo mtu wa kumwambia mwenye msiba kwamba machozi ni upungufu wa imani. Mtume s.a.w. alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nabii Yakubu a.s. alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, lakini shitaka lake alilipeleka kwa Mwenyezi Mungu.

KUTEGEMEA SI KUKAA KITAKO

Sasa nataka kuondoa kosa moja. Wapo wanaodhani kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kukaa na kungoja. Yakubu huyo huyo aliyesubiri aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusufu na ndugu yake, na wasikate tamaa ya rehema ya Mwenyezi Mungu. Bibi Hajira alipoachwa na mtoto wake mchanga katika bonde lisilo na mmea, alimwuliza Nabii Ibrahimu a.s. kama hiyo ni amri ya Mwenyezi Mungu. Alipojibiwa kuwa ndiyo, alisema kwamba basi Yeye hatawapoteza. Pamoja na yakini hiyo, maji yalipokwisha alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba. Na maji hayakutokea Safa wala Marwa alikokuwa akikimbia. Yalitokea pale alipomwacha mtoto. Wajibu wetu ni kukimbia. Mahali pa kutokea maji anapachagua Mwenyezi Mungu.

Katika mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar r.a. alikuwa njiani kwenda Shamu akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Baada ya kushauriana na masahaba aliamua kurudi. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine.

Tulitumie fundisho hili katika jambo linalozisumbua nyumba zetu nyingi, nalo ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Nchi yetu ya Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao. Mtoto huanza kuvimba mikono na miguu, kulia kwa maumivu ya mifupa, macho kuwa ya manjano na damu kupungua mara kwa mara. Hapo ndipo maneno huanza: amerogwa, mama yake ana mkosi, bibi yake ana jini. Fedha ya dawa inapelekwa kwa mganga, mbuzi anachinjwa, na ndugu wanaacha kusalimiana.

Ukweli ni kwamba mtoto huurithi ugonjwa huu kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, huku kila mmoja amebeba chembe moja ya urithi huo bila kujua. Wazazi kama hao katika kila mimba wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hakuna mchawi hapo, wala hakuna upande mmoja wa ukoo unaostahili lawama. Na kipimo cha damu kinaweza kuwafahamisha vijana hali zao kabla ya kuoana, na kumtambua mtoto angali mchanga. Mtoto akitambuliwa mapema, akahudhuria kliniki, akanywa maji ya kutosha, akalala ndani ya chandarua, akapewa dawa alizoandikiwa na daktari na kuwahishwa hospitali anapopata homa, anaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa na nyumba yake. Mzazi anayempeleka mtoto kliniki kila mwezi huku akiomba dua, huyo ndiye anayekimbia baina ya Safa na Marwa. Lakini anayempeleka kwa mpiga ramli ameacha tegemeo la Mwenyezi Mungu na ameacha dawa, amekosa yote mawili.

AHADI ILIYOWEKWA NDANI YA SURA YA TALAKA

Kosa la pili ni la wanaoifanya kadari kuwa kisingizio cha dhuluma. Mwanamume anaiacha nyumba yake, halipi matumizi, halafu anasema ndivyo ilivyoandikwa. Mwanamke anapigwa, naye anaambiwa asubiri kwa kuwa huo ni mtihani wake. Hayo si mafundisho ya Islam. Kurani Tukufu imeamrisha kwamba ikihofiwa mfarakano, awekwe mwamuzi kutoka jamaa ya mume na mwamuzi kutoka jamaa ya mke. Na mke wa Thabit bin Qais r.a. alipomwendea Mtume s.a.w. akasema hawezi kuendelea kuishi na mumewe, ingawa hakuwa na lawama juu ya dini yake wala tabia yake, Mtume s.a.w. hakumlazimisha. Alimtaka arudishe shamba alilopewa kuwa mahari, na mume akaamriwa amwache.

Ahadi kubwa kabisa ya kutegemea, kwamba mwenye kumcha Mwenyezi Mungu atatengenezewa njia ya kutokea, na ataruzukiwa kutoka mahali asipopatazamia, na kwamba Mwenyezi Mungu humtosha anayemtegemea, imo katika sura gani? Imo katika Suratut Talaaq. Wengi wetu tumeiandika ukutani na kuibandika katika maduka, tukasahau kwamba imezungukwa na hukumu za eda, za mashahidi, za kumpa mwanamke aliyeachwa makazi, na za kumlipa mama anayemnyonyesha mtoto. Basi anayetaka njia ya kutokea, aipitie kwenye hukumu hizo. Mwanamume aliyemwacha mkewe, kisha akawasahau watoto wake, hana haki ya kuisoma aya ile akingojea riziki asiyoitazamia, ilhali riziki ya wanawe ameizuia mkononi mwake. Na hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inamlazimu mzazi kumtunza mtoto wake.

Na wewe mama uliyeachwa, usidhani kwamba talaka imekutoa katika macho ya Mwenyezi Mungu. Aliyekusudia kuweka ahadi hiyo katika sura hiyo alikuwa akikujua.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuombe uongozi kabla ya jambo. Sahaba Jabir r.a. alisimulia kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akiwafundisha sala ya Istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Kurani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, na baada yake dua ya kuomba kwamba jambo likiwa la heri liwezeshwe, na likiwa la shari liepushwe, kisha mja ajaaliwe heri popote ilipo na aridhishwe nayo. Wengi hungoja ndoto. Dua hiyo haikutaja ndoto. Imetaja jambo kuwezeshwa au kuondoshwa, na moyo kuridhika. Kwa hiyo aliyefanya Istikhara, akashauriana na wenye busara, na posa yake ikakataliwa, asiseme dua yake haikujibiwa. Huenda hilo ndilo jibu lenyewe.

Pili, baada ya jambo kutokea tuuchunge ulimi. Siku ya kwanza ya msiba ndiyo siku ya subira. Maneno yanayosemwa siku hiyo kwa hasira, ya kumlaani mwenzi au kumlaumu Mola, hukaa katika nyumba miaka mingi kuliko msiba wenyewe.

Tatu, tufanye kama mke wa Imrani: tumpe jina zuri yule tuliyepewa, tumwombee, na tutimize ahadi zetu juu yake. Mtoto mlemavu asifichwe chumba cha uani wakati wa wageni. Ana haki ya kuja msikitini na ya kwenda shuleni kama ndugu zake.

Nne, sisi jamaa ya msikiti tuwe kama yule aliyeshika hatamu za ngamia wa Ummu Salama. Hakumhubiria, alimfikisha. Mjane wa mtaa wetu anahitaji ada ya mtoto wake. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu anahitaji wa kumchangia damu. Walio wazima miongoni mwetu waende wakatoe damu, nayo ni sadaka isiyopunguza mali.

Ndugu zangu wapenzi, hatukuahidiwa kwamba mambo yatakwenda kama tulivyoyapanga. Tuliahidiwa kwamba tukimcha Mwenyezi Mungu hatatuacha. Aliyeahidi haendi kinyume na ahadi yake.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, awaponye wagonjwa wetu, awafariji wajane na waliotengana na wenzi wao, awape wasio na watoto kile kilicho heri kwao, na atujaalie kuridhika na uongozi wake hata pale tusipoijua njia. Amin.